RAM za kuungaunga

Mwaka 2025 ukielekea ukingoni, bei ya RAM ilipanda mpaka watu wakaanza kukumbuka vilivyolala kabatini. Sehemu kubwa ya chipu za RAM duniani hutoka kwa kampuni tatu tu, Samsung, SK Hynix na Micron, na zote tatu zimegeukia wateja wakubwa wanaojenga vituo vya data vya akili unde. Desemba mwaka huo Micron ikatangaza kwamba inaachana na Crucial, chapa yake ya kuuzia wanunuzi wa kawaida. Mtu aliyekuwa amepanga kununua jozi mpya akaahirisha. Badala yake akaifungua kompyuta ya ofisini iliyokufa, akachomoa kipande kimoja, akaazima kingine kwa shemeji yake, kisha akanipigia simu: "Fundi, hizi zinachanganyika?"

Swali hilo nalisikia tangu nikiwa kijana wa kumshikia fundi tochi. Sokoni lina majibu mawili. La kwanza linatoka kwenye video za wenzetu wa Ulaya na Marekani: usichanganye kamwe, nunua jozi iliyofungwa pamoja kiwandani. La pili ni la dukani: "RAM ni RAM, bosi, chomeka." La kwanza ni jibu la mwenye fedha, la pili ni la mtu anayetaka utoke dukani kwake upesi. Mimi nimeishi katikati ya hayo mawili. Kuchanganya kunawezekana, na huku kwetu ndiyo desturi, kwa kuwa kompyuta nyingi zinatufikia zikiwa zimeshatumika na hukua kidogo kidogo kadiri mfuko unavyoruhusu. Ila mashine ikishawaka haikwambii umepoteza nini, na mwenyewe ukiona imewaka huulizi tena.

Kazi nilijifunzia Kariakoo, kwenye kibanda cha mzee mmoja aliyekuwa na boksi la viatu lililojaa RAM. Zilikuwa enzi za RAM za kizazi cha DDR2. Kila asubuhi, kabla wateja hawajaanza kuingia, nilizitoa moja moja nikasugua meno yake ya rangi ya dhahabu kwa raba ya kufutia penseli, nikapuliza vumbi la raba, nikazipanga juu ya gazeti. Nusu ya kompyuta zilizoletwa "zimekufa" zilifufuka kwa raba ile tu. Nilitaka kuzipanga kwa ukubwa, GB 1 huku, MB 512 kule. Mzee akazichanganya tena kwa kiganja.

"Soma lebo yote, kijana. Ukubwa ni neno moja tu hapo."

Lebo zilikuwa na maandishi kama PC2-5300 na PC2-6400. Akanieleza kwamba namba hiyo ni megabaiti zinazoweza kupita kwa sekunde moja kwenye chaneli moja, yaani njia moja kati ya RAM na prosesa. Chaneli ina upana wa biti 64, yaani baiti 8 kwa mkupuo. RAM ya kasi ya 667 ikizidishwa kwa 8 unapata zile 5300 na ushee. Ya 800 ukiizidisha unapata 6400. Kisha akanionyesha kichipu kidogo kuliko vingine vyote, kimekaa peke yake kwenye kipande. Hicho hakihifadhi kazi za mteja. Kimeandikwa kiwandani wasifu wa RAM yenyewe: ukubwa wake, kasi zake, muda wake wa kungoja, volteji yake. Kompyuta ikiwashwa, BIOS, programu inayoiamsha mashine, husoma kwanza vichipu hivyo vyote, ikatafuta mwendo ambao kila kipande kinaumudu. Weka 667 na 800 pamoja, zote zitakwenda 667.

Mteja mmoja alilalamika juu ya hilo. Alikuwa amenunua ya 800 kwa bei nzuri, akaikuta inatembea kwa 667 kwa sababu ya kipande cha zamani kilichokuwa ndani. Mzee akamjibu, "Kwenye foleni ya Jangwani, hata ukiwa na Land Cruiser utakwenda mwendo wa guta lililo mbele yako." Mteja akacheka, akalipa, akaondoka na vyote viwili.

Wabishi wa vibanda vya jirani walikuwa na mjadala wao wa CL. Huyu ana CL5, yule CL6, basi wa CL5 anajiona mshindi. Namba hiyo huhesabu mapigo ya saa ambayo RAM hungoja kabla ya kujibu, na mapigo ya RAM yenye kasi ni mafupi zaidi. CL5 kwenye 667 na CL6 kwenye 800 zote zinangoja nanosekunde 15. Nimeshuhudia watu wakinuniana kwa kitu ambacho ni sawasawa.

Jambo ambalo mzee alilifanya nami nalifanya hadi leo ni kusimamisha skrini. Kompyuta nyingi za wakati ule zikiwashwa zilionyesha ukurasa mweusi wenye maandishi meupe, na kati ya mistari hiyo mmoja ulisema kama RAM inafanya kazi kwa chaneli moja au mbili. Ulipita upesi mno. Mzee alikuwa anaweka kidole kwenye kitufe cha Pause, anangoja, anakibonyeza, ukurasa unaganda. Tulikuwa na mazabodi ya sloti nne, mbili za rangi moja na mbili za nyingine. Akachomeka vipande viwili vinavyofanana kwenye sloti mbili za chaneli ileile: mstari ukasema moja. Akakihamisha kimoja kwenda sloti ya rangi inayolingana, upande wa pili: mstari ukasema mbili. RAM ni zilezile na GB ni zilezile. Mwenye mashine asingeijua tofauti hiyo maishani mwake kama si kile kidole kwenye Pause. Siku hizi ukurasa ule haupo, nembo ya kiwanda inaufunika, na mimi natumia programu ndogo ya CPU-Z inayoonyesha chaneli ngapi ziko kazini. Ni mambo ya dakika moja, na bado nakutana na mafundi wasioyafanya.

Miaka kadhaa baadaye niliitwa na shule moja ya sekondari mkoani Morogoro. Walikuwa wamepewa msaada wa kompyuta za mezani zilizokwishatumika Ulaya, za Core i3, kila moja na kipande kimoja cha DDR3. Pembeni kulikuwa na mfuko wa RAM zilizotolewa kwenye mashine zilizokufa njiani: za GB 2, za GB 4, za 1333, za 1600, za kila kiwanda. Mwalimu wa kompyuta alikuwa na mpango wake. Alitaka vipande vikubwa viingie kwenye mashine chache za mbele ziwe "za kidato cha sita", zilizobaki zipate mabaki.

Nikamwomba tujaribu kwanza. Mwalimu wa jiografia alikuwa akitumia programu ya ramani inayoizungusha dunia nzima kwenye skrini, na hiyo ndiyo iliyokuwa ikikwama. Tukachukua mashine mbili. Ya kwanza tukaiwekea kipande kimoja cha GB 4 cha 1600, kizuri, kipya machoni. Ya pili tukaiwekea viwili vya GB 2, kimoja cha 1333 na kingine cha 1600, kimoja cha kijani na kingine cha bluu. Ukisikiliza jibu la kwenye video, ya pili ndiyo dhambi. Lakini piga hesabu: ya kwanza ina chaneli moja ya megabaiti 12,800 kwa sekunde. Ya pili imeshuka hadi 1333, sawa, ila ina chaneli mbili za megabaiti 10,600, jumla zaidi ya 21,000. Kompyuta zile hazikuwa na kadi ya grafiki. Grafiki ilikuwa ndani ya prosesa na haina RAM yake. Kila nukta inayochorwa kwenye skrini inapita kwenye chaneli zilezile. Tukafungua ramani kwenye zote mbili, mwalimu akaivuta dunia kutoka Afrika hadi Amerika Kusini. Ya mchanganyiko ilikwenda vizuri zaidi kwa macho ya kila aliyekuwamo chumbani.

Mpango wa mashine za kidato cha sita ukafa hapohapo. Tulianza kugawa kwa jozi. Jozi zilipoisha tukabaki na mashine zilizopata GB 4 pamoja na GB 2, nayo hiyo haikuwa hasara. Tangu 2004 Intel imekuwa na utaratibu wa kuunganisha visivyolingana: sehemu inayolingana, GB 2 za huku na GB 2 za kule, inafanya kazi kwa chaneli mbili, na zile 2 zilizozidi zinabaki kwenye chaneli moja. Ndiyo maana nasema waliotunga marufuku ya kuchanganya hawakuwa wakifikiria chumba kama kile. Pale, kukataa kuchanganya kungewaacha wanafunzi na nusu ya kile ambacho mashine zao ziliweza kutoa, na mfuko wa RAM ungebaki kwenye kabati la mwalimu.

Nisieleweke kwamba kila mchanganyiko ni salama. Upande wa pili wa jambo hili niliukuta kwenye studio moja ya video za harusi, Sinza. Mwenye studio alikuwa na kompyuta nzuri ya DDR4 yenye sloti nne. Alianza na jozi ya GB 8 mara mbili, ya 3200. Kazi zilipoongezeka akanunua jozi nyingine ya mtu, ya kasi ya chini, akajaza sloti zote, na kijana wake akaingia kwenye BIOS akailazimisha mashine irudi 3200. Ikawaka. Windows ikaonyesha GB 32, wakapongezana.

Nilipoitwa, malalamiko yalikuwa yamekaa muda mrefu na kila siku yalikuwa na mtuhumiwa mpya. Kwanza walilaumu umeme, wakanunua kifaa cha kuutuliza. Wakalaumu programu ya kuhariri, wakaifuta na kuiweka upya. Wakalaumu diski. Video ilikuwa inaanza kutoka vizuri, ikifika katikati inasimama, au inamalizika ikiwa na vibonge vya kijani usoni kwa maharusi. Mara nyingine haikufanya lolote baya siku nzima.

Nikaiacha usiku na MemTest86, programu ambayo haihitaji Windows na kazi yake ni kuandika na kusoma RAM yote tena na tena. Asubuhi skrini ilikuwa imejaa mistari myekundu. Kila mstari ulikuwa na anwani, kilichoandikwa na kilichosomwa, na kati ya hivyo viwili tofauti ya herufi moja tu. Kijana aliinama akasoma mstari mmoja kwa sauti, herufi kwa herufi, kisha akamwita bosi wake.

Ile kasi ya 3200 ya jozi yake ya kwanza ilikuwa ni wasifu wa ziada unaoitwa XMP, na kiwanda kimeupima kwa vipande vile vilivyofungwa pamoja kwenye boksi, kwa idadi ile. Ukiongeza vingine, hakuna aliyepima. Hata jozi mbili za jina moja na namba moja, zikinunuliwa kwa nyakati tofauti, ndani yake zinaweza kuwa na chipu tofauti. Vilevile vipande vinne vinaielemea sehemu ya prosesa inayosimamia RAM kuliko viwili. Nikaizima XMP, mashine ikajichagulia 2400, nikaiacha usiku mwingine. Hakuna mstari mwekundu hata mmoja.

"Kwa hiyo nimenunua 3200 nipate 2400?" aliuliza mwenye studio.

"Umepata video inayofika mwisho, kaka."

Alikubali, lakini kilichomuuma kilikuwa kingine. Kwa muda wote ule kadi za kamera zilikuwa zinanakiliwa kwenda kwenye diski kupitia mashine ileile, na kila baiti ilipita kwenye RAM ile. Kadi zikishanakiliwa zilifutwa zikatumike harusi inayofuata. Kwenye send-off moja vipande kadhaa havikufunguka kabisa, kikiwemo cha bibi wa bi harusi akitoa neno. Kasi inayopotea mtu anaweza kuivumilia. Faili linaloharibika kimyakimya ni habari nyingine, na tangu siku ile sikabidhi mashine ya mchanganyiko ambayo haijalala na kipimo usiku kucha, hata mteja anung'unike vipi.

Kipo pia kisa cha seva, nacho ni kifupi. Ofisi moja ya uhasibu maeneo ya Posta ilinunua seva iliyotumika kutoka Dubai, ya prosesa mbili za Xeon za mwaka 2009, kizazi kile cha chaneli tatu kwa kila prosesa. Ilikuja na vipande sita vya GB 4, vitatu kwa kila prosesa, kimoja kwa kila chaneli. Mtu wa kwanza aliyeipanga alijua anachofanya. Kijana wa ofisi akataka kuongeza. Alianza na RAM ya kompyuta ya kawaida, seva ikakataa kuwaka kabisa, kwa kuwa RAM zilizokuwamo zilikuwa za aina yenye rejista, na hizo hazikai pamoja na zisizo nayo. Kukataa huko ndiko ninakokupenda: hakumdanganyi mtu. Kisha akapata mbili sahihi za GB 8, akaziweka moja moja kila upande. Zikakubali, jumla ikawa GB 40.

Ripoti ya mwisho wa mwezi ikaanza kuchukua muda mrefu kuliko kabla. Aliponiita alikuwa anataka kuongeza nyingine. Kwa prosesa zile kila chaneli ikiwa na kipande kimoja RAM hutembea 1333. Ukiweka cha pili kwenye chaneli inashuka 1066. Cha tatu, 800. Na chaneli moja ikiwa nzito kuliko wenzake, mgawanyo wa kazi unavurugika. Nikaangalia hifadhidata yao nzima: haikufika hata GB 24. Tukazichomoa zile mbili. Mhasibu mkuu, mama wa makamo asiyetaka maelezo marefu, aliniuliza imekuwaje tumlipe fundi aje kupunguza. Ripoti ilipotoka akaacha kuuliza.

Karibuni zaidi, mpwa wangu anayesoma usanifu majengo alikuja na laptopi ya Intel ya kizazi cha 11. "Mjomba, nimeambiwa ina Iris Xe, mbona yangu imeandika UHD?" Alikuwa anadhani ameuziwa feki. Tukafungua kifuniko cha chini, tukakuta sloti mbili na kipande kimoja cha GB 8. Grafiki ile ya Iris Xe ina masharti: RAM isipokuwa kwenye chaneli mbili, mashine yenyewe inajiita UHD. Alikuwa na fedha ya kipande kimoja, na duka lilikuwa linamshawishi atoe cha GB 8 aweke kimoja cha GB 16. Nikamwambia aongeze GB 8 ya 3200, kiwanda chochote. Akapata cha kiwanda kingine kabisa. Tukachomeka, ikawaka, akaingia kwenye orodha ya vifaa, na jina lilikuwa limebadilika. Hatukuweka programu yoyote. Alipiga picha akaituma kwa wenzake wa darasani, nami jioni hiyo nikapata simu tatu.

Sasa wamefika wa DDR5, na hesabu imegeuka. Mwezi uliopita alikuja bwana mmoja anayechora michoro ya barabara, mwenye Ryzen ya mfululizo wa 7000 na vipande viwili vya GB 16. Rafiki yake alikuwa amemwachia viwili vingine, vizuri tu, vya kasi ileile. Kwenye DDR5 hata kipande kimoja kimegawanywa ndani kuwa na njia mbili za biti 32, na mambo yanakwenda kasi kiasi kwamba kila kipande cha ziada kinaonekana. AMD wenyewe wanaandika: vipande viwili, 5200, vinne, 3600. Angepata GB 64 na kupoteza karibu theluthi ya kasi. Njia nzuri ingekuwa kuuza vyote vinne na kununua viwili vya GB 32, lakini kwa bei za sasa alipopiga hesabu kwenye simu alikaa kimya, akaikunja karatasi ya duka akaitia mfukoni.

Nikamwomba aiwashe mashine pale pale, afungue mchoro wake mkubwa kuliko yote, pamoja na kila kitu anachokuwa nacho wazi siku ya kazi, tuone zinatumika ngapi. Zilikuwa GB 21.

"Sasa nilikuwa nazitafutia nini nyingine?" akasema, akachukua vile viwili vya rafiki yake na kuuliza kama namjua mtu wa kuvinunua.